Mzee Kufuli Avalishwa Shela

Mlikoniachia, chai ilikuwa inanitiririka magotini na kikombe kiko chini, vipande.

Kwa wewe ambaye gazeti la wiki jana ulifungia nyama, wacha nikuambie kwa kifupi. Sisi akina mama wa kanisa hapa Sosiot tulicheza mchezo wa kuigiza. Ulikuwa mchezo wa mzee bahili, Mzee Kufuli, anayefungia sukari kwa sanduku na kuvaa ufunguo shingoni hata akienda kulala. Wanaume walikataa kuwa Mzee Kufuli. Walisema ni aibu. Kwa hivyo nikamcheza mimi, Tecla, na umri huu wangu, na watu wakacheka mpaka benchi moja ikaanguka na watu wake.

Ndipo mwenyekiti wetu Joan akasema wahusika wote wa mchezo washonwe wawe tedi, wale wanasesere wa manyoya, wavishwe kama vile tulivyovaa sisi, wauzwe kwa mnada wa harambee. Zahanati yetu haina chumba cha kujifungulia. Mama akishikwa na uchungu anajifungulia karibu na mahali pa kupima malaria. Nani angekataa?

Mimi nikamshona Mzee Kufuli.

Sasa hapa ndipo nilipokosea. Mzee Kufuli sikumtoa kichwani. Nilimtoa soko la Kiptere. Ni Mzee Chepyegon, mzima mzima, na bega lake la kushoto lililoshuka, na mkono wa kulia kifuani juu ya ufunguo, na koti zito jua linawaka. Niliwahi kumpelekea kuku wa kuuza, akaniwekea chai, nikamwona akifungua sanduku la sukari na kile kikohozi chake. Nilikibeba kikohozi hicho mpaka nyumbani kama yai.

Watu wote walimjua aliyekuwa anaigizwa. Hakuna aliyetaja jina. Na kabla ya kuanza nilikuwa nimechungulia kwa pazia: benchi za mbele, Chepyegon hakuwepo. Nikacheza bila wasiwasi.

Kisha wiki jana mjukuu wangu Fancy, niliyemlea mimi mwenyewe, akaniletea mchumba. Kijana msafi, anaitwa Kimeli, anasema asante hata ukimpa maji. Nikamuuliza, "Na wewe ni wa nani, kijana?"

"Mimi ni wa Mzee Chepyegon wa Kiptere."

Hapo ndipo kikombe kilipotoka mkononi.

Kimeli alipoondoka, Fancy akafunga mlango, akauegemea.

"Kogo, ulikuwa unatetemeka kwa nini?"

"Ni baridi."

"Chai ilikuwa moto."

"Ni baridi ya ndani."

"Umefanya nini?"

Huyu mtoto anayeniita Kogo, yaani nyanya, nilimlea mimi. Mtu unayemlea hujifunza uso wako kama njia ya mtoni. Nikamwambia yote. Akakaa chini sakafuni. Akaanza kucheka, akalia, akacheka tena, kisha akajipangusa na kitambaa cha meza.

"Kogo, koito ni Jumamosi ya wiki ijayo."

Koito, kwa nyinyi wa mbali, ndiyo siku ukoo wa kijana unakuja kwa ukoo wa msichana, wazee wanaketi, wanasemezana mambo ya ng'ombe, na wakikubaliana mnakunywa mursik, maziwa yetu ya kibuyu, na huyo msichana si wenu tena. Wazee wasipoketi, hakuna ndoa.

"Unamjua huyo mzee," Fancy akaendelea. "Waliokuja kumposa dada yake Kimeli walifukuzwa. Mmoja alicheka akiomba sukari ya pili. Sasa wewe umemshona, umemweka mezani, watu wamcheke na mnada juu. Mimi namtaka Kimeli. Sitaki mwingine."

"Hata Mwalimu Phelix wa Sigowet anayekutaka?"

"Kogo."

"Nauliza tu."

"Huyo tedi apotee."

Nikamtuliza. Nikamwambia tedi atauzwa kwa mtu wa mbali na mzee hatamwona maisha yake yote, kwa sababu Chepyegon na harambee ni wapi na wapi? Mtu ambaye sadaka ikipita anafunga kamba za viatu.

Fancy akanitazama na huruma.

"Kwani hukusikia? Yeye ndiye mgeni wa heshima."

Nikataka kikombe kingine nikivunje.

Kumbe Joan alikuwa amefikiri. Wanasiasa wote wako mbioni na kura zao, na mvua hii ya El Nino inayotajwa redioni imekata barabara, hakuna mkubwa wa kutoka mbali. Akaona heri amweke bahili mwenyewe kwa kiti cha mbele, amvishe ua, amwite Mheshimiwa mbele ya watu. Pale atakimbilia wapi? Atatoa tu.

Ilikuwa akili nzuri sana. Mimi ningeifikiria, ningejisifu mwaka mzima.

Siku ya harambee nikafika ukumbi wa kanisa kabla ya watu. Tedi walikuwa wamepangwa mezani, na naomba nijisifu kidogo, walikuwa wazuri. Kazi tulifundishwa na mama mmoja mzungu wa shamba la majani chai. Alituonyesha dubu kwa picha, na mimi nilidhani ni mbwa aliyenenepa, lakini mikono ilielewa. Manyoya tulipata kwa Makori, yule Mkisii wa mitumba. Alikuwa amefungua belo akitarajia masweta, akakuta vifuniko vya vyoo vya wazungu, vya manyoya, vimejaa mpaka chini. Nani Sosiot atavalisha choo? Akatuuzia kwa bei ya huruma. Tukavichemsha, tukavianika, tukakata, tukashona, tukajaza pamba.

Kwa hivyo Mzee Kufuli alikuwa kifuniko cha choo, rangi ya kahawia. Hiyo pia Chepyegon asingependa kusikia.

Alikuwa amesimama katikati ya meza, mbele ya wenzake. Kofia, koti, ufunguo, bega chini. Nikasikia moyo unanishuka na kufurahi wakati mmoja, maana hata mimi niliyemshona nilitaka kumsalimia.

"Joan, huyu mzee jicho lake limelegea."

Joan akainama akatazama. "Mbona naliona liko sawa?"

"Kwani wewe ulisomea macho?"

"Tecla, huyo ndiye watu wa kutoka Sigowet wanakuja kununua. Usimguse."

"Jicho likianguka mbele ya mgeni wa heshima utaliokota wewe."

Akaniachia. Nikamkimbiza tedi kwa chumba kidogo cha nyuma ambako wanaweka viti vya watoto wa Sunday school. Fancy akasimama mlangoni kama askari wa benki.

Nikamvua kofia. Nikamvua koti. Nikamtoa ufunguo shingoni. Nikamweka kwa kiti nikarudi nyuma kumtazama.

Uchi alikuwa Chepyegon zaidi.

Shida ilikuwa mkono na bega. Mkono nilikuwa nimeushonea kifuani kwa uzi wa fundi wa viatu, ule wa nta, nikapitisha sindano mpaka mgongoni, kwa sababu Mzee Kufuli akiachilia ufunguo si Mzee Kufuli tena. Kuutoa ni kumpasua kifua. Na bega nilikuwa nimelishusha kwa kumnyima pamba upande ule. Kulijaza ningehitaji kumfungua mgongo wote, na nje nilikuwa nasikia Benard fundi redio akijaribu kipaza sauti chake cha betri: moja mbili, moja mbili, akina mama mnanisikia?

Nikaangalia dirishani. Kulikuwa na pazia la lesi nyeupe, la matundu matundu.

"Kogo, hilo ni pazia la kanisa," Fancy akasema.

"Litarudi."

Mkono uko kifuani? Basi, bibi harusi pia hushika maua kifuani. Nikachomoa tawi la majani chai pale nje ya dirisha, lenye yale maua yake madogo meupe, nikalipenyeza chini ya mkono. Pazia nikalikata, nusu gauni, nusu shela. Nikamfunga utepe kiunoni. Bega lililoshuka nikaliacha, nikajiambia watu watadhani ni haya za bibi harusi.

Nikamgeuza Fancy amwone.

Fancy alijiuma mkono. Macho yakamtoka machozi. "Kogo," akasema kwa shida, "umemwoza."

"Nani?"

"Baba mkwe wangu."

Nikamtazama tena yule tedi, na Mungu anisamehe, ilikuwa kweli. Mzee Kufuli alikuwa mzaha tu. Huyu sasa alikuwa Mzee Chepyegon anaolewa.

Lakini muda ulikuwa umekwisha. Joan akasukuma mlango.

"Nilikupa mzee. Umeniletea bibi harusi."

"Jicho liliharibika sana."

Joan akamchukua, akamzungusha, akamwinua kwa mwanga. Nikaona midomo yake inaanza kucheza. "Mbona huyu bibi harusi anafanana na..."

"Na mtu yeyote," nikasema.

Akambeba mezani, uso mkavu. Lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika, na akina mama wa benchi ya kwanza wakaona, wakatazama, na cheko likatembea kutoka benchi moja mpaka nyingine kimyakimya, watu wameziba midomo na vitambaa. Nikasikia mmoja anauliza mwenzake ng'ombe wangapi wametolewa.

Nikatoka nje kumtafuta Makori. Alikuwa chini ya ukingo wa paa, amejikinga mvua, anakunja masweta yake.

"Makori, mwanangu, leo unanifanyia kitu."

"Nyanya, wewe ukianza hivyo mimi napata hasara."

"Kuna tedi wa harusi pale mezani. Umnunue."

"Mimi ndiye nilikuuzia hayo manyoya. Sasa niyanunue tena?"

"Yule beberu wangu mweusi unayemtamani, ni wako. Lakini umnunue. Hata bei ikipanda kama moshi, usiachie."

Makori akaacha kukunja. Huyo beberu aliniomba tangu mwaka jana.

"Kwani huyo tedi ana nini?"

"Ana haya. Usiulize."

"Sawa. Na nikishashinda?"

Hapo vigelegele vikapasuka kule barabarani, mgeni wa heshima amefika, na mimi nikiwa nakimbia kuingia ndani nikamjibu bila kugeuka, "Ukishashinda tumemaliza."

Kumbukeni hayo maneno.

Chepyegon akaingia na mke wake, Marcella, mama mtulivu anayetembea nyuma kidogo kama mtu aliyebeba maji. Koti, kofia, bega, mkono kifuani. Kila mtu aliyemtazama akageuka kutazama meza, kisha akatazama viatu vyake mwenyewe. Wakamvisha ua la karatasi. Wakamketisha kwa kiti chenye kitambaa cha kufuma, na tedi wa harusi akiwa mbele yake hatua chache tu, wanatazamana.

Nikamwomba Mungu azime taa, halafu nikakumbuka hatuna taa.

Benard akaanza mnada. Aliuza yule tedi wa Karani wa Majani Chai, anayewaibia wakulima kilo kwa kukanyaga mizani na mguu. Wakulima waligombania huyo kwa hasira kabisa. Aliuza Mama Presha na leso yake ya kichwa. Kisha akainua bibi harusi juu.

"Huyu ni bibi harusi wetu. Ana haya kidogo, mnaona bega. Nani anamchukua?"

Makori akainua mkono. Mzuri, nikasema moyoni, mzuri mwanangu.

Halafu kutoka nyuma: "Mimi naongeza."

Ni Mwalimu Phelix wa Sigowet, na tai imemnyonga. Na hakuwa anatazama tedi. Alikuwa anatazama Fancy. Maskini alidhani tedi wa shela ni dalili kutoka mbinguni.

Makori akaongeza. Phelix akaongeza. Makori aliongeza akiwa ameona beberu wangu mbele ya macho, Phelix akiwa ameona harusi yake. Fancy akajificha nyuma ya kwaya. Benard alikuwa anaruka kama mtu amekanyaga siafu. Mwishowe Phelix akapapasa mifuko yake, mmoja mmoja, akaketi chini.

"Makori wa mitumba," Benard akapiga kelele, "bibi harusi ni wako."

Nikavuta pumzi niliyokuwa nimeifungia tangu asubuhi. Akina mama wakaanza wimbo. Makori akaenda mbele akicheza, mabega yanapanda yanashuka, akampokea tedi kwa mikono miwili. Nikaanza kumwonyesha mlango kwa kidole: huku, huku, toka naye.

Hakuenda mlangoni.

Sasa nyinyi mnaonisoma mmehudhuria harambee kuliko misa. Mnajua. Kwetu huku mtu akishinda mnada haendi na kitu nyumbani. Kuku ukimnunua unamrudisha auzwe tena, au unampa mgeni wa heshima, ndiyo watu wanajua wewe ni mtu. Ukimbeba ukaenda naye ni kama kubeba nyama ya matanga kwa mfuko. Hata mimi nimenunua kabeji moja nikampa askofu. Na nilisahau. Nilimwambia ashinde. Sikumwambia aende naye.

Makori akachukua kipaza sauti.

"Mimi ni mtu wa kuja," akasema, "na nyinyi mmenipa mahali pa kuweka nguo zangu na watoto wangu. Huyu bibi harusi siwezi kwenda naye peke yangu. Nampa mgeni wetu wa heshima, Mzee Chepyegon."

Akamwekea mapajani. Kisha akanitafuta kwa macho, ametabasamu mpaka magego, kama mtoto aliyeleta maji bila kumwaga.

Wimbo ukafa. Ikabaki mvua juu ya mabati.

Chepyegon akamwinua tedi. Bega lake la kushoto chini, la tedi la kushoto chini. Mkono wake wa kulia kifuani, wa tedi kifuani. Walikuwa kama mtu na kioo chake, isipokuwa mmoja ameolewa.

Fancy nilimwona pale nyuma ya kwaya amefumba macho.

Mzee akasimama. Akachukua kipaza sauti. Akakohoa, kile kikohozi chenyewe, na mama mmoja nyuma yangu akatoa sauti kama puto linaloisha hewa.

"Nani ameshona huyu?"

Joan, ambaye hupokea sifa hata mvua ikinyesha vizuri, alininyooshea kidole kabla swali halijaisha.

Nikaenda mbele.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, Mzee."

"Wewe ulimjua mama yangu wapi?"

"Mama nani?"

"Huyu," akasema, akimwinua tedi watu wote wamwone. "Huyu ni mama yangu siku ya harusi yake. Bega hili lilikuwa lake. Mkono hivi, kifuani. Hata picha yake sina. Na leo nimemwona."

Kwangu mimi uongo hufika kabla ya ukweli, hata nikiwa sijauita. "Niliota, Mzee," nikasema.

"Amina," ukumbi wote ukaitikia.

Chepyegon akajifuta macho kwa mkono wa koti. Akageukia watu. "Kwa ajili ya mama yangu, natoa mtamba wa maziwa. Auzwe, chumba cha akina mama kijengwe."

Joan aliketi, na hapakuwa na kiti. Vigelegele vilivyofuata nafikiri vilisikika mpaka Bomet. Fancy akafumbua macho, akaanza kuimba na kwaya ambayo hata si yake. Mimi nilikuwa nimesimama pale nacheka na kulia, nimefurahi kama mwizi ambaye mbwa amemlamba mkono.

"Na kitu kingine," Chepyegon akasema, na watu wakanyamaza. "Nasikia nyinyi mna mchezo. Sijui ni wa nini."

Joan akaanza kukagua dari.

"Ni wa dini, Mzee," nikasema.

"Vizuri. Jumamosi tunakuja kwako na ukoo wetu wote, kwa koito ya watoto hawa. Kabla ya maneno ya ng'ombe, nataka mtuchezee huo mchezo. Bila mchezo, hatuketi."

Fancy akaacha kuimba.

"Mzee, haiwezekani," nikasema haraka. "Mavazi yameharibika. Kuna mzee mmoja ndani ya mchezo, sasa hana koti."

"Hana koti?"

"Hana kabisa."

Na Chepyegon, ambaye hakuna mtu wa Kiptere amewahi kumwona bila koti, akaweka tedi kwa kiti taratibu, akafungua kifungo kimoja, cha pili, mpaka cha mwisho, akalivua. Chini yake alikuwa mtu mdogo mwenye sweta ya kijani. Akanivisha yeye mwenyewe. Akanitengeneza kola.

"Chukua langu," akasema. "Mzee bila koti si mzee."

Watu wakapiga makofi. Mimi nilisikia makofi hayo kama mvua ya mawe.

Baadaye watu walipokuwa wanakunywa chai, nilijificha barazani, ndani ya lile koti, nikifikiria kama mtu wa umri wangu anaweza kuugua surua kwa makusudi mpaka Jumamosi ipite. Marcella akaja akasimama karibu nami, kikombe mkononi.

"Linakukaa," akasema.

"Ni zito, Mama Kimeli."

"Utalizoea." Akanywa kidogo. "Jumamosi usisahau kukohoa kabla ya kufungua sanduku. Siku ile ulifungua kwanza, ukakohoa baadaye. Yeye hukohoa kwanza, ndipo anafungua."

Mvua yote ya El Nino ikaniingia mgongoni.

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwa benchi ya nyuma, karibu na mlango."

"Peke yako?"

"Na yeye kando yangu. Alijifunika mwavuli ndani ya nyumba."

Nikatafuta ukuta nikauegemea. "Alicheka?"

"Hata jino hakuonyesha. Lakini tulipofika nyumbani alifungua sukari akaniambia, leo weka unavyotaka. Siku moja hiyo tu. Kesho yake akafunga. Na tangu hapo kila jioni ananiuliza, huyo mama wa Sosiot ni mtu wa aina gani."

"Lakini mama yake, na bega, na ile harusi..."

Marcella akacheka, cheko dogo la puani. "Mama yake alikuwa na mabega yamenyooka kama rula. Na hakuvaa shela maishani mwake. Walioana kienyeji, kule nyuma ya Sigowet."

Basi kumbe. Pale mbele, na machozi na kila kitu, kulikuwa na mwigizaji mmoja tu, na hakuwa mimi.

"Mama Kimeli, niambie ukweli. Anakuja Jumamosi kuoza mtoto au kulipiza?"

"Ungeniambia wewe. Mimi nimeishi naye, lakini wewe ndiye ulimshona."

Nikaingiza mikono mifukoni nijifiche kidogo. Mfuko wa kushoto ulikuwa na punje za mahindi. Mfuko wa kulia ulikuwa na kamba. Nikaifuata kwa kidole. Mwisho wa kamba kulikuwa na ufunguo. Kamba ilikuwa bado na joto la shingo yake; lazima aliutia humo alipokuwa ananitengeneza kola.

Marcella akaona mkono wangu umesimama. Huyo mama ameishi na huo ufunguo miaka yote ya ndoa yake bila kuushika.

"Kogo Tecla," akasema polepole, "umeshika nini humo ndani?"

"Mahindi."

"Mahindi yako mfuko wa kushoto. Mimi ndiye hufua hilo koti."

Akaweka kikombe chake chini, akanyoosha mkono, kiganja wazi. Nyuma yake nikamwona Fancy anakuja mbio na ile shela mkononi, ameshamvua tedi ili pazia la kanisa lirudi. Na ng'ambo ya uwanja, kwenye manyunyu, bila koti, tedi wa harusi kwapani, Mzee Chepyegon alikuwa amesimama ananitazama mimi peke yangu.

Akakohoa.